Lisilotajwa Jina: Mashabiki, Fumbo na Usomaji wa Mapenzi ya Jinsia Moja katika Televisheni na Michezo ya Video



Mwaka 1974 jarida dogo lililoitwa Grup, lililoandaliwa na kusambazwa na mashabiki wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek, lilichapisha hadithi fupi ya Diane Marchant, mwandishi wa Australia. Hadithi hiyo iliitwa "A Fragment Out of Time", yaani kipande kilichochomoka katika wakati, na urefu wake ni kurasa chache tu. Wamo ndani yake wapenzi wawili walio faraghani, na hakuna hata mmoja kati yao anayetajwa jina. Hata hivyo wasomaji walielewa. Walijua kwamba waliositiriwa ni Kapteni Kirk, nahodha wa chombo cha anga, na Spock, msaidizi wake ambaye nusu ya damu yake ni ya binadamu na nusu ni ya watu wa sayari ya Vulcan. Waandishi wa historia ya ushabiki huihesabu hadithi hiyo kuwa ya kwanza ya aina yake kuchapishwa.

Kwa mwanaisimu, jambo la kutazamwa hapa si faragha ya wahusika bali sarufi ya mwandishi. Kiingereza cha wakati huo kwa kawaida kilimlazimisha msimulizi, alipotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, achague baina ya kiume na kike. Anayetaka kuficha hana budi kuzunguka: aseme mkono, aseme sauti, aseme pumzi, aache sentensi zikatike. Mwandishi wa Kiswahili asingetokwa na jasho hilo. "Alimkumbatia, naye akamwegemea" ni sentensi kamili isiyo na dosari, na haimwambii msomaji lolote kuhusu jinsia ya mkumbatiaji wala ya mkumbatiwa. Kile ambacho Marchant alikitafuta kwa ufundi, Kiswahili hukitoa bure katika viambishi a- na m-.

Mhadhara huu unahusu desturi iliyoanzia katika majarida ya namna hiyo na ambayo leo imeenea ulimwenguni: desturi ya watazamaji wa televisheni, na baadaye wachezaji wa michezo ya video, kusoma mapenzi ya jinsia moja kati ya wahusika ambao watunzi wao hawakutamka jambo hilo waziwazi. Istilahi "matini fiche" inatumika hapa kwa maana ya ujumbe unaokaa chini ya maneno yaliyosemwa, na ambao msomaji huufikia kwa kuunganisha dalili. Yumkini yupo msikilizaji atakayeuliza jambo hili lina nasaba gani na taaluma za Kiswahili. Nasaba ipo, tena ni ya pande mbili. Kwanza, jamii za Waswahili zina mapokeo ya muda mrefu ya kusema kwa mafumbo na ya kuyafumbua, na mapokeo hayo yanaeleza mwenendo wa mashabiki wa Marekani kuliko baadhi ya nadharia zilizobuniwa kwa ajili yao. Pili, matini za televisheni na za michezo husafiri kutoka lugha hadi lugha, na kila mpaka zinapovukia yupo mfasiri anayeamua ni fumbo lipi lipite na lipi lizuiwe.

Kuhusu ubishi wa kimaadili na wa kisheria, Afrika Mashariki ina majukwaa yake. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zimerithi vifungu vya enzi ya ukoloni vinavyoharamisha matendo ya jinsia moja, na Uganda ilitunga sheria kali zaidi mwaka 2023. Kazi ya mwanafunzi wa matini haiko katika majukwaa hayo, lakini pia hana ruhusa ya kujifanya haoni kilichomo katika matini kwa sababu jirani yake hapendi kionekane. Wala haifai kusahau kwamba wengi wa waliozoea kutafuta dalili ndogo waliufanya utafutaji huo kwa kuwa hawakuwekewa kubwa.

Neno moja, maana tatu

Star Trek ilirushwa na shirika la NBC la Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi 1969, vipindi 79 kwa jumla. Sinema za Marekani zilikuwa bado chini ya kanuni ya uzalishaji iliyotekelezwa tangu 1934 hadi 1968, na ambayo kwa sehemu kubwa ya muda huo haikuruhusu mapenzi ya namna hiyo hata kudokezwa. Televisheni nayo ilikuwa na wakaguzi wake. Katika mazingira hayo mtazamaji aliyetaka kujua wahusika wawili wanahisi nini hakungoja tamko. Alitazama macho yao, umbali kati yao, na zaidi ya yote, namna wanavyoitana.

Kuitana ni somo la isimujamii. Katika kipindi kiitwacho "Amok Time", kilichoandikwa na Theodore Sturgeon na kurushwa Septemba 1967, Spock anaamini kwamba amemuua nahodha wake kwa mkono wake mwenyewe katika pambano la kimila la watu wake. Anaporejea chomboni na kumkuta nahodha yu hai, kiumbe huyo ambaye utamaduni wake umemkataza kuonyesha hisia anatabasamu tabasamu pana, anamshika, na kumwita kwa jina lake, Jim. Sekunde chache baadaye amejirudi, uso umekunjamana tena, na anadai kwamba alichohisi ni faraja ya kimantiki tu ya kutopoteza nahodha hodari. Wenzake wanamtazama bila kumsadiki, na mtazamaji naye anaalikwa asimsadiki. Aliyekua katika jamii ambamo mke humwita mumewe kwa jina la mtoto wao mbele ya watu, na kwa jina jingine wakiwa ndani, hatahitaji kueleweshwa uzito wa kuhama kutoka cheo hadi jina.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 1979, na ulikuja katika sura ya tanbihi. Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia hiyo, aliandika riwaya iliyofuata filamu ya kwanza ya Star Trek. Ndani ya riwaya hiyo Spock anamfikiria Kirk kwa neno la Kivulcan, t'hy'la. Tanbihi inaeleza kwamba neno hilo laweza kuwa na maana ya rafiki, au ndugu, au mpenzi. Kisha tanbihi hiyo hiyo inampa Kirk nafasi ya kujibu uvumi kwamba wao wawili waliwahi kuwa wapenzi, naye anajibu kwa mzaha wa kistaarabu kwamba siku zote ameona raha ya mapenzi iko zaidi kwa wanawake. Mlango umefunguliwa na kurudishwa katika aya moja. Lakini haukufungwa kwa komeo. Mtunzi aliyetaka kuumaliza uvumi angeandika kwamba neno lina maana mbili, rafiki na ndugu, na mambo yangeishia hapo. Aliichagua ya tatu akaiweka palepale.

Je, t'hy'la lingefasiriwaje kwa Kiswahili? Swali hili si la mchezo. "Rafiki" hupunguza. "Ndugu" huingiza siasa na nasaba. "Mpenzi" hutamka kile ambacho mtunzi alikiacha kining'inie, ingawa haikuwa hivyo daima: katika barua za vizazi vilivyopita "mpenzi kaka" na "mpenzi rafiki" zilikuwa salamu za kawaida kabisa, na hata leo mhariri wa gazeti anaweza kuandika "mpenzi msomaji" bila mtu kushuku. Maana ya neno imebanwa na wakati. Pendekezo la kuaminika zaidi ni "mwandani". Neno hili limetokana na "ndani". Mwandani ni mtu wa ndani, anayeingia mahali ambapo wengine huishia ukumbini. Linamfaa rafiki wa kufa kuzikana, na linamfaa mpenzi, na halimlazimishi msikilizaji achague. Ni nadra mfasiri kupata neno lenye mwanya uleule wa asili.

Kiswahili kina mfano mwingine wa neno lenye maana zilizokaa pamoja kwa shida, nao ni "shoga". Kati ya wanawake wa mwambao, shoga ni rafiki wa kike wa karibu. Mwanamke humwita mwenzake "shoga yangu" sokoni, arusini na msibani, wala hakuna anayegeuza shingo. Neno hilohilo likitamkwa kuhusu mwanamume, ni mapenzi ya jinsia moja, na aghalabu ni tusi. Maana haiko katika neno peke yake bali katika jinsia ya anayesema, ya anayesemwa na ya anayesikia. Vijana wengi wa mijini leo wanaijua maana ya pili tu, na wanashangaa wanapowasikia bibi zao wakiitana hivyo. Kinachowatokea vijana hao ni kile kinachowatokea mashabiki, lakini kwa kinyume: wanasoma mapenzi mahali ambapo msemaji ameweka urafiki. Hilo litarejewa.

Hata "rafiki" halijasalimika. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, akaiita Rafiki. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, na ilipigwa marufuku nyumbani kabla ya kuonyeshwa huko. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Jina la filamu hiyo linatokana na desturi ya kuwatambulisha wapenzi wa namna hiyo mbele za watu: huyu ni rafiki yangu. Kahiu alichukua neno la kufichia akalifanya la kufichulia.

Kanga haimtaji mtu

Mwanafalsafa H. P. Grice, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967, alieleza kwamba msemaji huwasilisha mengi kuliko anayoyatamka, na kwamba ujumbe huo wa kudokezwa una sifa moja muhimu: unaweza kufutwa. Msemaji anaweza kuongeza, bila kujipinga, "lakini sikukusudia hivyo". Alilolitamka limefungwa shingoni mwake. Alilolidokeza anaweza kulikana.

Wanawake wa Zanzibar, Mombasa na Lamu hawakuhitaji mihadhara ya Harvard kulijua hilo. Anayevaa kanga yenye maandishi ya kumsuta jirani na kupita mbele ya mlango wake amesema, tena amesema kwa herufi kubwa. Lakini akiulizwa, ana jibu: kanga amenunua dukani, maandishi yamepigwa chapa kiwandani, rangi ndiyo iliyompendeza. Kanga haimtaji mtu. Anayelalamika kwamba amesutwa amejitaja mwenyewe. Taarabu nayo hufanya kazi kwa utaratibu uo huo, na msikilizaji anayeinuka kwenda kumtuza mwimbaji katikati ya beti fulani, huku akimtazama mtu fulani, amelifanya fumbo la mtunzi kuwa lake bila kubadili hata neno. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hiyo haikusema kwamba mwerevu anaweza kuthibitisha alichoking'amua. Hapo ndipo penye tatizo lote.

Watunzi wa televisheni waliigundua faida ya kanga. Mfano ulio wazi ni Xena: Warrior Princess, tamthilia iliyotengenezwa New Zealand kwa ajili ya soko la Marekani na kurushwa kuanzia 1995 hadi 2001. Xena ni shujaa wa kike anayezunguka nchi akijaribu kulipia maovu yake ya zamani, na Gabrielle ni mwenzake wa safari. Watazamaji wengi, hasa wanawake wapendao wanawake, waliwasoma hao wawili kuwa wapenzi, na neno la Kiingereza lenye maana ya matini fiche likawa msamiati wao wa kila siku: kipindi hiki kinayo nyingi, kile hakina kitu. Watengenezaji walipopata habari hawakukanusha, nao hawakukiri. Walianza kucheza. Katika kipindi cha mwaka 1997 kiitwacho "The Quest", Xena amekufa na roho yake imeazima mwili wa mwizi mmoja mwanamume, Autolycus. Katika ulimwengu wa roho Xena na Gabrielle wanakaribiana, nyuso zinasogeleana, na midomo inapokaribia kugusana picha inakatwa. Kinachoonekana baada ya hapo ni Gabrielle akimbusu Autolycus. Aliyetaka kuona wanawake wawili wakibusiana ameona. Aliyetaka kulalamika hana picha ya kuonyesha. Mshona kanga hodari asingefanya vizuri zaidi.

Yapo malalamiko ya haki kuhusu mchezo huu. Mwenye kanga huficha kwa sababu yu karibu mno na anayemsema; atakutana naye kisimani kesho. Kampuni ya televisheni huficha ili iwauzie watu wawili wasiopatana bidhaa moja, na anayeachwa na mashaka siku zote ni yule mwenye njaa. Kuna tofauti kati ya fumbo la aliyebanwa na fumbo la mfanyabiashara, na mashabiki wamejifunza, kwa kuumia, kuwatofautisha.

Fumbo la aliyebanwa linaonekana katika The Legend of Korra, tamthilia ya katuni ya Nickelodeon. Msimu wake wa mwisho uliwaweka Korra na rafiki yake Asami katika hali ambayo watazamaji wengi hawakuipa uzito. Korra, baada ya kujeruhiwa, anakaa mbali kwa miaka mitatu. Marafiki watatu wanamwandikia; anayejibiwa ni Asami peke yake, naye Korra anamwambia kwamba mengine hangeweza kuwaeleza wale wavulana wawili. Tarehe 19 Desemba 2014, katika dakika ya mwisho ya kipindi cha mwisho, wasichana hao wanashikana mikono, wanaingia katika lango la ulimwengu wa roho, na kugeukiana wakitazamana machoni, kwa mkao unaokumbusha ule wa maarusi walioonekana mapema katika kipindi hicho hicho. Hakuna busu, hakuna tamko. Kwa siku tatu kulikuwa na mabishano: wapo waliosema ni wapenzi, wapo waliosema ni marafiki na kwamba wanaosema vinginevyo wanaota. Tarehe 22 Desemba watunzi wawili, Bryan Konietzko na Michael Dante DiMartino, walitoa maelezo yaliyothibitisha kwamba walikusudia mapenzi, na kwamba walikwenda hadi pale walipodhani mipaka ya kituo ingewaruhusu. Katika kitabu cha katuni cha 2017 kinachoendeleza kisa, wahusika hao wanabusiana.

Korra anastahili kukaliwa kidogo zaidi, kwa kuwa katuni hiyo ilifika Afrika Mashariki. Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliagiza katuni sita ziondolewe hewani kwa madai kwamba zinaeneza mapenzi ya jinsia moja kwa watoto. The Legend of Korra ilikuwa mojawapo, na Steven Universe nyingine. Ajabu ya uamuzi huo kwa mtu wa taaluma za lugha ni kwamba mkaguzi na shabiki wamekubaliana. Wote wawili wametazama mikono iliyoshikana wakasoma jambo moja. Mmoja akafurahi, mwingine akakata. Anayesema kwamba usomaji wa mashabiki ni ndoto za watu wachache aeleze basi ni ndoto gani hiyo iliyomtembelea pia afisa wa serikali ofisini mwake mchana.

Mikono hiyo hiyo, hata hivyo, inadai tahadhari. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Bujumbura au Goma, wanaume wawili marafiki hutembea wameshikana mikono, wala hakuna matini fiche yoyote. Ni urafiki uliovaa nguo zake za kila siku. Mgeni kutoka kaskazini huliona akasoma mapenzi, naye amekosea, kwa sababu ameleta kamusi ya kwao. Kwa hiyo dalili haina thamani nje ya mfumo wake. Mikono ya Korra na Asami ina maana iliyo nayo si kwa kuwa mikono ni mikono, bali kwa kuwa katuni ile, ndani ya kipindi kile, ilikwisha kumfundisha mtazamaji kwamba mkao ule ni wa maarusi, na kwa kuwa barua zilitangulia. Shabiki mzuri hutoa ushahidi wa namna hiyo kutoka ndani ya matini. Shabiki mbaya hudai kwamba kila wawili wanaotazamana wanatamaniana, na kwa kufanya hivyo anaunyima urafiki nafasi ya kuwa kitu kizito kwa haki yake. Hili ni kosa lile lile la vijana wanaoshangaa bibi zao wakiitana shoga, na mashabiki wa siku hizi hawana kinga nalo. Mengi ya wanayoyaandika hayavuki mtihani huu. Lakini usomaji wa Spock unauvuka, na wa Korra uliuvuka kabla ya watunzi kufungua vinywa.

Mfasiri mlangoni

Mjadala wa matini fiche kwa kawaida huwa na watu wawili, mtunzi na mtazamaji. Wa tatu husahauliwa. Tarehe 5 Novemba 2020, katika mojawapo ya vipindi vya mwisho vya Supernatural, tamthilia ya Marekani iliyodumu tangu 2005, malaika Castiel anamwambia Dean, mwindaji wa mapepo aliyefuatana naye kwa miaka mingi, kwamba anampenda. Mara anachukuliwa na mauti. Mashabiki walikuwa wameyasoma mapenzi hayo kwa zaidi ya miaka 10. Katika Kiingereza Dean hajibu tamko hilo. Anamsihi tu asifanye anachokifanya. Baada ya wiki chache ilionekana kwamba katika toleo lililotiwa sauti za Kihispania kwa ajili ya Amerika ya Kilatini, Dean anajibu maneno yenye maana ya "nami nakupenda". Mashabiki walilipuka. Je, mfasiri alipewa mswada uliofichwa? Alikosea? Au alisoma uso wa mwigizaji akaandika alichokiona? Kwa vyovyote vile, kuna mamilioni ya watu wanaozungumza Kihispania ambao kwao fumbo hilo limejibiwa, na mamilioni wa Kiingereza ambao bado wanangoja.

Mara nyingi zaidi mfasiri hufunga. Katuni ya Kijapani Sailor Moon ina mashujaa wawili wa kike, Haruka na Michiru, ambao katika matini asilia ni wapenzi na wala hawajifichi sana. Ilipotiwa Kiingereza kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini mwaka 2000, waligeuzwa kuwa mabinamu. Waliofanya hivyo hawakubadili picha, kwa hiyo watoto waliona mabinamu wakitazamana kwa namna ambayo mabinamu wa kawaida hawatazamani. Hila hiyo, ipelekwe Unguja au Lamu, ingezidi kuharibika. Katika nyumba nyingi za mwambao mtoto wa ami ndiye mchumba anayetajwa wa kwanza, na binamu ni mtu wa kutaniwa na kuchumbiwa. Kumwambia hadhira ya huko "usijali, hawa ni mabinamu" ni kumwambia ajiandae kwa posa.

Katika michezo ya video mambo haya ni magumu zaidi, kwa sababu mchezaji ni msomaji aliyeshika kalamu. Kijapani huweza kuacha viwakilishi kabisa, hivyo mhusika anaweza kuishi saa nyingi bila kutajwa jinsia. Kiingereza kinapompokea kinamdai kitambulisho. Final Fantasy IX ya mwaka 2000 ina mpishi aitwaye Quina ambaye Kiingereza kilishindwa kumweka upande wowote, kikalazimika kumwandika kwa kiwakilishi chenye mkwaju katikati, kiume na kike kwa pamoja. Paper Mario: The Thousand-Year Door ya 2004 ina mhusika aitwaye Vivian, ambaye katika Kijapani dada yake mkubwa anamkejeli kwamba si dada bali ni kaka, toleo la Kiingereza la mwaka huo lilifuta suala hilo, kejeli ikawa ya sura mbaya tu. Wachezaji waliojua Kijapani waliwaeleza wenzao, na kwa miaka 20 Vivian aliishi katika Kiingereza kama matini fiche, ingawa katika lugha yake ya asili hakuwa ameficha kitu. Toleo jipya la 2024 lilirudisha jambo hilo waziwazi: Vivian anaeleza kwamba ilimchukua muda kutambua kuwa yeye ni dada yao na si kaka yao. Usomaji wa mashabiki hapa haukuwa uzushi wala ubunifu. Ulikuwa kumbukumbu ya kitu kilichopotea njiani.

Kiswahili kingempokea Quina bila mkwaju. Angepika, angekula, angeondoka, na hakuna kiambishi ambacho kingemuuliza lolote. Wapo wanaohitimisha kutokana na hayo kwamba Kiswahili ni lugha isiyojali jinsia, na hitimisho hilo limerudiwa katika makala nyingi hadi limechosha. Si kweli. Jinsia iliyofukuzwa katika viambishi imejificha katika msamiati, na hakuna mahali imejikita zaidi kuliko katika kitenzi cha ndoa. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Sarufi imewagawia majukumu, mmoja mtenda na mwingine mtendwa, na anayeyapindua anachekwa: mume anayehamia nyumbani kwa mkewe na kulishwa naye huambiwa kwamba ameolewa, na kila mtu baraza zima anaelewa kwamba hilo si sifa.

Julai 2018, mwaka mmoja baada ya uamuzi wa Nairobi, Steven Universe ilionyesha ndoa ya wahusika wake wawili, Ruby na Sapphire, ambao wote hutajwa kwa kiwakilishi cha kike katika Kiingereza. Rebecca Sugar, mtunzi wake, alimvika Ruby gauni jeupe na Sapphire suti, kinyume cha walivyotarajia waliokwisha kumpa Ruby, kwa ukali wake, nafasi ya mume. Humo hakuna tena matini fiche. Yote yametamkwa mchana mbele ya wageni. Mfasiri wa Kiswahili atakayekalia kipindi hicho atapita salama katika kila "anampenda" na kila "alimbusu", kisha atafika kwenye sentensi ya kutangaza ndoa na kukuta kitenzi "oa" kinamngoja. Akiandika kwamba Ruby amemuoa Sapphire, ametengeneza mume. Akiandika kwamba Ruby ameolewa na Sapphire, ametengeneza mume mwingine, na gauni litaonekana kumuunga mkono. Akikimbilia "wamefunga ndoa" amepata hifadhi katika nomino, na pengine ndivyo wengi watakavyofanya. Lakini lugha imemwekea njia ya nne, nayo ni ya kale: kauli ya kutendana, inayowafanya wote wawili watenda na wote wawili watendwa, bila kuuliza nani ni nani. Wameoana.